Kompyuta Sita na Sababu Tano

Jumatatu, 12 Mei
Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Kipriani, anatafuta mwalimu wa kusimamia TEHAMA. Atapewa ofisi. Yenye ufunguo! Tangu nihamishiwe Kasulu kutoka Tanga sijamiliki hata droo. Nikanyoosha mkono. Asnath wa Kiswahili naye akanyoosha. Asnath! Anayejaza alama kwa penseli!
Ijumaa anakuja afisa elimu. Stoo kuna kompyuta sita za msaada, za miaka ya tisini, zina migongo kama magunia ya maharage. Nimeahidi zote sita zitasoma mafaili kutoka seva moja, yaani kompyuta kuu. Asnath amesema atasaidia kupanguza vumbi. Nimemkubalia. Kila mtu na kiwango chake.
Mchana nimemwandikia Mkuu barua: sababu tano za kumnyima Asnath kazi. Ipo kwenye flashi, inasubiri wakati wake.

Jumanne, 13 Mei
Kebo zote zimechomekwa. Taa za kijani zinawaka. Lakini seva, ile kompyuta mpya ya ofisi ya taaluma, haizioni kabisa! Nimechomoa, nimechomeka. Nimebembeleza. Moja nimeipiga kofi. Imezima, haijawaka tena.
Nimewaambia watu kwamba kompyuta zilikuwa tano tangu mwanzo.

Jumatano, 14 Mei
Nimeaga naenda hospitali, nikapanda basi la Kibondo kwa Shamsi, fundi kompyuta. Amecheka mpaka akakaa chini. Eti mashine zangu ni vikongwe, zinaongea lugha ya zamani isiyo na ulinzi, na mashine mpya zimekatazwa kuijibu. Dawa ni kuilegeza seva iikubali lugha hiyo, na kuacha folda ya pamoja wazi, bila nenosiri. Amenionya mara tatu: “Mwalimu, humo usiweke kitu usichotaka kisomwe.”
Nimemjibu kwamba mimi si mtoto.

Alhamisi, 15 Mei
IMEKUBALI! Zote tano zinaiona seva! Nimepiga yowe, Asnath akadondosha kitambaa.
Folda ilikuwa tupu, inatia aibu. Nikaimwagia flashi yangu yote: mitihani, ramani, picha za harusi ya dada. Sasa inapendeza.

Ijumaa, 16 Mei
Sitaki kuandika leo. Naandika hivyo hivyo.
Afisa alikaa kompyuta ya kwanza, Mkuu ya pili, Asnath ya mwisho. Nikawaambia wafungue faili lolote. Lolote! Afisa akachagua “Sababu Tano”. Alidhani ni za Vita vya Majimaji. Akasoma kwa sauti: “Moja. Mwalimu Asnath hajui hata kuwasha kompyuta.”
Akaendelea hadi ya tano!
Asnath alikuwa anachapa. Hakuinua hata macho. Akasema, “Mwalimu Gharibu, neno ‘kompyuta’ lina y moja tu.” Mkuu akafungua barua ile ile kwake, akaikuta imesahihishwa! Makosa kumi na saba! Afisa akapiga makofi, akasema hiyo ndiyo faida ya folda ya pamoja: mmoja anaandika, mwenzake anasahihisha.
Kumbe Asnath alisomea kompyuta miaka miwili kabla ya ualimu! Nimemuuliza kwa nini alinificha. Amesema sikuwahi kumuuliza.

Jumatatu, 19 Mei
Ofisi kapewa Asnath. Na ufunguo. Mkuu kaniamuru niombe radhi mbele ya walimu wote. Nimeomba. Asnath kanisamehe, kanimiminia chai, kaniomba niwe msaidizi wake. Nitapanguza vumbi.
Nimelitafakari sana kosa langu. Nimeligundua. Ni jina la faili! “Sababu Tano” linamvutia mtu yeyote.
Leo nimemwandikia afisa elimu barua kuhusu Mkuu. Sababu tisa za kumhamisha. Flashi hupotea, kwa hiyo barua nimeiweka kwenye folda ya pamoja. Nimeipa jina SIRI, MSIFUNGUE.
Hapo nani atathubutu?