Barua Halisi Haitoki Masjala

Jumatatu, 4 Agosti

Wewe uliyefungua daftari hili, lifunge. Kama umeshindwa, basi soma huku umefumba mdomo. Usimwambie Mkuu wa Masjala. Usimwambie shangazi. Zaidi ya wote usimwambie Kalamu Mbili, hata akikununulia chai. Nakuomba kwa heshima zote, maana mambo yenyewe nimeyaandika kwa wino.

Hali ilivyo. Masjala yetu ina nafasi moja ya karani wa kudumu. Makarani wa majaribio tuko wawili: mimi, na huyo mwenye kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu, kama nyota za afande. Mkuu atatoa uamuzi tarehe 18. Kwa kazi simwezi Kalamu Mbili. Hapotezi kitu, na hata mwandiko wake umenyooka kuliko mistari ya karatasi. Mimi nina doa. Mwezi wangu wa kwanza nilimruhusu wakili mmoja atoke na barua halisi kwa dakika tano. Dakika tano hizo hazijaisha. Mkuu akatoa waraka kwa ajili yangu, akaubandika ukutani mbele ya meza yangu: BARUA HALISI HAITOKI MASJALA KWA SABABU YOYOTE ILE. Naamkiana nao kila asubuhi.

Leo kwenye chai ya saa nne Mkuu alisema kwa huzuni kwamba amefanya kazi miaka thelathini na moja na tembo hajamwona ila kwenye kalenda. Kabla sijajizuia nikasema hifadhi ya wanyama naijua nje ndani, nimeshakwenda mara hazihesabiki, nitawapeleka masjala nzima. Mkuu akaniita kijana wangu. Hajawahi.

Ukweli: nilipelekwa nikiwa darasa la sita. Nilimeza dawa ya kichefuchefu, nikalala kwenda na kurudi. Nakumbuka geti tu.

Shangazi, ambaye naishi kwake, nilimpa habari akaingia chumbani kwangu na futi ya ushonaji. Nikithibitishwa nahama, na cherehani yake inaingia. Akasema, "Sikufukuzi, mwanangu. Napima tu."

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza. Tangazo la safari lipite kwa jalada, kila mtu asaini. Orodha nimeipanga mwenyewe: wa kwanza Mkuu, wa mwisho Kalamu Mbili. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ni kesho saa sita. Kwa mwendo wa majalada ya ofisi yetu, lingemfikia mwaka kesho.

Nililibeba kwa Mkuu kwa mikono miwili. Akalitazama, akatazama orodha, akavua miwani. Akaniuliza tangu lini jalada linaanzia juu. Katika ofisi hii jalada hupanda, halishuki. Akageuza orodha kwa mshale mmoja wa kalamu.

Kalamu Mbili akalipata dakika mbili baadaye. Aliandika, kwa bluu: "Nimesoma. Nitakwenda." Kisha, kwa nyekundu: "Napendekeza mratibu apewe msaidizi. Niko tayari." Mkuu akaandika chini yake: "Vema."

Sasa nina msaidizi. Anatabasamu sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa pili, viti. Nimechora basi lote kwa rula. Mkuu kiti cha mbele, mimi ubavuni pake, saa nne za kumpa sifa zangu taratibu bila kumvimbisha. Kalamu Mbili nimemweka nyuma kabisa juu ya tairi, mahali ambapo mtu akikaa anarushwa mpaka ajutie kuzaliwa.

Nikaenda kumwonyesha dereva wa basi tulilokodi. Alikuwa chini ya basi, nikaona miguu tu. Nikamsomea mchoro. Miguu ikasikiliza. Kisha sauti ikauliza kama mimi ndiye mwenyeji wa safari. Nikasema ndimi. Ikauliza tukifika njia panda ya kwanza ndani ya hifadhi tunakwenda kushoto au kulia.

Nikasema inategemea.

Ikauliza inategemea nini. Nikasema wanyama. Kisha ikasema, "Sawa, mwenyeji," kwa namna ambayo sijaipenda.

Mapokezi nako si salama. Dada wa Mapokezi, ambaye habari zikimpitia huvimba kama andazi, ameniuliza kama ni kweli simba alinilamba mkono. Sijawahi kusema hivyo. Nilisema karibu anilambe.

Jumanne, 12 Agosti

Furaha. Kibali cha hifadhi kimefika kwa posta. Barua nzuri, karatasi nzito, muhuri wa bluu unaojitokeza ukiupapasa. Watu kumi na tisa, gari moja, Jumamosi ya tarehe 16.

Hii ndiyo barua muhimu kuliko zote nilizowahi kushika, na hapa ndipo nitakapolifuta doa langu. Nikaigonga IMEPOKELEWA. Nikaiandika kwenye rejista. Nikaitoboa, nikaipa namba, nikaifunga kwa kamba ndani ya jalada la safari. Jalada nikaliweka kwenye kabati la chuma. Kabati nikalifunga, nikarudi mara tatu kulivuta mpini.

Kisha nikatoa nakala. Safi, haina hata kivuli pembeni. Nikaitia ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba.

Waraka ukutani nikauangalia usoni kwa mara ya kwanza bila kuona aibu.

Alhamisi, 14 Agosti

Kalamu Mbili amekuwa akinizungukazunguka. Leo ameuliza kwa upole, mbele ya watu, kama barua ya kibali ninayo. Nikapiga mkoba kofi. Nikamwambia msaidizi asaidie yanayomhusu, kama vile maji ya kunywa na taulo za karatasi. Watu wakacheka. Akasema, "Haya, kaka. Wewe ndiye mwenyeji." Nikamwona amenywea.

Nimeandaa hotuba ya kusoma tukimwona tembo wa kwanza. Kurasa mbili. Inaanza kwa wanyama na kuishia kwa nafasi ya kudumu, na mshono hauonekani.

Shangazi ameleta fundi kuangalia kama sakafu ya chumba changu itahimili cherehani. Fundi aliruka mara mbili karibu na mto wangu. Inahimili.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeshindwa kuandika jana. Leo nitajaribu. Tafadhali kumbuka nilichokuomba ukurasa wa kwanza.

Asubuhi. Mkuu akasema yeye tumbo lake haliafikiani na viti vya abiria, akapanda mbele kwa dereva. Kiti cha nyuma yake, ambacho kwenye mchoro ni cha Dada wa Mapokezi, kikakaliwa na Kalamu Mbili na mfuko wa machungwa. Dada wa Mapokezi akahamia kiti changu, na katoni za maji zikakaa kiti cha Mkuu. Palipobaki patupu ni juu ya tairi. Nilikaa hapo saa nne na sufuria la wali mapajani. Kila nikiinuka kutazama mbele nilikuwa naona chungwa lililomenywa likipita kwenda kwa Mkuu.

Tukafika getini. Geti ndilo lile lile, nikapata moyo. Nikashuka na mkoba, nikatoa bahasha, nikatoa mfuko, nikatoa karatasi. Watu wote madirishani.

Askari wa hifadhi akaisoma. Akaipapasa kwa kidole gumba pale penye muhuri. Akaipapasa tena.

"Ndugu yangu, hii ni picha ya barua. Barua iko wapi?"

Nikamweleza kwamba barua halisi ipo salama, ina namba, imefungwa kwa kamba kwenye kabati la chuma. Nilieleza vizuri. Akasikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa. Akasema magari ya siku yana idadi yake, na nafasi yetu ipo, haijapewa mtu, imeandikwa hapa kitabuni, na itaendelea kuwepo mpaka jioni kwa ajili ya mwenye barua. Nikamwuliza hii yangu ina kasoro gani, maana maneno ni yale yale. Akasema, "Nakala si kitu, kaka. Hata mimi nikitaka natoa mia."

Mkuu akashuka. Mdomo wake ulikuwa bado na chungwa. Akauliza, polepole, ni nani aliyeacha barua ofisini.

Hapo ningeweza kusema samahani. Nimelifikiria neno hilo tangu jana, ni fupi kabisa. Badala yake nikasimama wima nikamsomea waraka wake. Namba, tarehe, aya ya kwanza, kwa sababu yoyote ile, na jina la aliyesaini. Nilipofika kwenye jina lake nilikuwa nimepaza sauti.

Kalamu Mbili ndiye aliyeingilia, kwa huruma kubwa. Akasema, "Mkuu, hilo la waraka ni kweli kabisa. Mimi ningekuja tu kwako kuomba ruhusa ya kuitoa."

Tukashinda kwenye maegesho, nje ya geti. Ngiri mmoja alitoka ndani ya hifadhi, akapita mbele ya askari bila kuulizwa kibali, akalala nyuma ya choo. Tulimpiga picha sana. Kisha Kalamu Mbili akatoa darubini. Kumbe alikuwa nayo. Akamwonyesha Mkuu kichwa cha twiga juu ya miti. Kichwa tu, mwili ulikuwa upande wenye kibali. Watu wakapanga foleni ya darubini, na Kalamu Mbili akawaeleza twiga anakula nini na analala vipi. Dada wa Mapokezi akaniuliza kama simba wangu naye nilimwona kwa nakala.

Wakati wa kurudi dereva alisimamisha basi kwenye njia panda ya barabara kuu, akageuka, akaniita mpaka nyuma kabisa: "Mwenyeji, kushoto au kulia?"

Walicheka mpaka mjini. Mkuu hakucheka. Alikuwa ameshika mapajani kamera aliyoiazima kwa mkwewe, imefungwa kwenye mkoba wake tangu asubuhi, na hakuifungua. Hilo linanirudia kila nikitulia, kwa hiyo sitaki kutulia.

Jumatatu, 18 Agosti

Saa tatu Mkuu alituita wote wawili. Akamwambia Kalamu Mbili hongera. Kalamu Mbili akalia kidogo, akanishika bega, akasema asingefika bila mimi. Nadhani alimaanisha, na hapo ndipo panapouma.

Mimi nikapewa karatasi. Majaribio yameongezwa miezi mitatu, baada ya hapo itaonekana. Mkuu akasema anajua nilifuata waraka. Akasema tatizo lake ni kwamba nilikuwa na siku nne za kufungua mdomo na kumwuliza swali moja, nikaogopa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi siumi." Kisha, kama vile amechoka, akaniagiza nikaifaili barua hiyo kwenye jalada langu.

Nyumbani shangazi alikuwa mlangoni. Nikamwambia majibu hayajakamilika.

Jumanne, 19 Agosti

Nimelala na jambo hili kichwani, nimeamka mtu mpya.

Karatasi niliyopewa jana nimeipapasa kwa kidole gumba. Muhuri haujitokezi. Ni nakala. Barua halisi ya kuongezewa majaribio ilikuwa kwenye trei, ikisubiri kufailiwa, na anayefaili ni mimi. Nakala si kitu. Hayo si maneno yangu, ni ya askari wa serikali. Kwa hiyo kwa mujibu wa sheria sijaongezewa chochote, na majaribio yangu yaliisha jana. Mimi ni karani wa kudumu. Sijamwambia mtu. Mkuu nisingependa kumsumbua kwa swali.

Barua halisi nimeifaili, sikuiharibu, mimi si mhalifu. Nimeifunga ndani ya jalada la safari, nyuma ya kibali, mahali ambapo hakuna mtu ofisini atakayetaka kupatazama tena.

Shangazi ameingiza cherehani. Ipo miguuni pa kitanda, nalala nimekunja magoti. Nimemwambia ni kwa muda mfupi tu, cheo changu kiko njiani.

Na sasa habari kubwa. Nimeanza kuandaa safari ya pili, ya kumfuta machozi Mkuu. Safari hii sibahatishi. Nitabeba halisi zote: kibali, rejista, muhuri, jalada la safari lenyewe, na waraka nitaubandua ukutani niende nao. Askari apapase mpaka achoke. Jalada nitamkabidhi mkononi, alifungue mwenyewe mbele ya Mkuu.

Kalamu Mbili hajulishwi. Wewe, kwa kuwa umesoma mpaka hapa, una kiti, mbali na tairi. Ukitaka kujiandikisha, nipate hivi. Njoo masjala baada ya chai, usiulize jina langu mapokezi. Pita madirisha mawili, la tatu lina ufa. Gonga kwa kidole, usigonge kwa kucha. Asipokuwepo mtu, andika jina lako kwenye karatasi, ikunje mara nne, uitie kwenye trei ya kushoto, chini ya jiwe. Nitajibu kwa maandishi. Saini kwa mkono wako, tafadhali, na usiniletee nakala.