Barua kwa Ismat Asiyejulikana

Jumapili, 13 Oktoba

Mkurugenzi mpya ametangazwa: Ismat Hilmi, kutoka Kairo. Mwanamume au mwanamke? Hakuna anayejua! Ismat muuza maharage ya ful wa stesheni ana ndevu hadi kifuani. Ismat mwingine ni mkunga aliyemzalisha mke wangu. Na huyu wa Kairo ndiye atakayemchagua naibu wiki hii hii. Miaka kumi na tisa nimeungoja unaibu katika idara hii ya maji. Nimeota mvi kwa kuungoja.

Barua ya makaribisho lazima imtangulie. Lakini Kiarabu chetu hakina huruma: huwezi hata kumwambia mtu "umefika" bila kujua ni mume au mke. Nikikosea, nimekwisha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepiga simu Kairo nikijifanya fundi cherehani. Nikauliza Ismat ashonewe suti au gauni. Karani akanijibu kwamba wakubwa wameshavaa, akakata.

"Wakubwa wameshavaa." Wingi! Wingi wa heshima hauna mume wala mke! Mimi ni hodari.

Mke wangu Samiha anasema si ningeuliza tu waziwazi. Hajui siasa za ofisi.

Jumanne, 15 Oktoba

Barua imeondoka. Yote kwa wingi: mmeteuliwa, mtafika salama. Hata mimi nimejiandika "sisi", ipate uzito. Sahihi: Ihsan, basi. Wakubwa husaini jina moja.

Bahgat, anayeutaka unaibu huohuo, alichungulia begani kwangu. Eti ustadhi, unamkaribisha mtu au timu ya mpira? Yeye amebahatisha: bango la mita sita, KARIBU BI. MKURUGENZI. Amejichimbia kaburi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ismat ana masharubu! Mazito! Nilitaka kuimba. Bahgat alitafuta mahali pa kujificha.

Mkurugenzi akalitazama bango. Akacheka hadi akafuta machozi. Akasema hata jeshini walimpa kitanda kwenye bweni la wauguzi wa kike, amezoea. Akampiga Bahgat begani! Adhabu yake ndiyo hiyo tu.

Kisha akatoa barua yangu mfukoni. Akatangaza kuwa mwandishi wake ndiye naibu. Nikaweka koti sawa. Akauliza yuko wapi huyo Bi. Ihsan, kwa maana adabu laini namna hii mwanamume haiwezi, na Ihsan ni jina la shangazi yake.

Ofisi nzima ikamgeukia Bi. Ihsan, karani wa mita za maji. Akasimama, akasema hakumbuki kuandika barua yoyote. Mkurugenzi akasema: na unyenyekevu pia anao!

Nilikuwa na nafasi ya kusema "ni mimi". Maneno mawili. Lakini Bahgat alikuwa ananitazama, na tabasamu lilishaanza kumtoka. Nikisema, ningeitwa Bi. Ihsan hadi kustaafu. Nikapiga makofi pamoja na wengine. Nimeumia mimi, jamani.

Nyumbani nilimweleza Samiha yote. Alinipakulia chakula tu. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimelala siku mbili, sasa nimeamka. Nakata rufaa! Mkuu wa Utumishi kule Kairo anaitwa Sabah Nagib. Mwanamume au mwanamke? Samiha ameniletea simu, akasema niulize.

Simu ya nini? Nimeshaandika: "Waheshimiwa, sisi tumedhulumiwa kwa kudhaniwa tusivyo." Kwa wingi, mwanzo hadi mwisho. Sahihi: Ihsan.