Shule Ambayo Ijumaa Haikuwa Shule

Jumatatu, 2 Februari 2026

Mariam amelamba jina la shule. Sasa hivi, wakati nageuza bukari, ugali wetu wa jioni! Nililiandika kwa chaki kwenye bati la lango, herufi kubwa: COMPLEXE SCOLAIRE MARIAM. Yeye mwenyewe Mariam, miaka mitatu, ameanza mwisho na amekula jina lake lote. Ulimi mweupe kama wa mgonjwa. Nimemkaripia, halafu nimembusu. Mtoto anayekula herufi, atakosaje kuzijua?

Shule yenyewe ni uwanja wetu hapa mtaa wa Bel-Air. Mikeka, watoto wa akina mama wanaouza sokoni, na mimi, Madame Rabia. Niliishia darasa la tano, lakini la tano langu lilikuwa zuri. Zamani watoto hawa walishinda chini ya meza za nyanya. Sasa wanaimba alfabeti, mpaka mume wangu Kasimu, fundi wa nguo, anakanyaga cherehani kwa mdundo wao.

Tatizo ni Mama Jeanne, jirani wa ng'ambo ya barabara. Ana shule ya vyumba vitatu, rangi ya waridi, na ana agrément, ile karatasi ya serikali inayosema shule yako ni shule kweli. Ameitia kwenye kioo na kuitundika mahali ambapo hata mbuzi akipita ataisoma. Leo amesimama langoni kwangu, mbele ya wazazi, akasema: “Masomo bila agrément iko nyumba ya kuku, mama Mariam.” Wazazi wakacheka. Mmoja akalia kama kuku!

Nyumba ya kuku! Na shule yake ina choo kimoja tu, wavulana kwa wasichana!

Nimepata wazo. Binamu yangu Floribert ana pikipiki, na kila Jumanne anampeleka kazini karani wa ofisi ya ukaguzi wa shule. Nimemwambia adondoshe neno tu: kwenye avenue yetu kuna shule yenye shida ya choo. Jina asitaje. Mimi si mtu mbaya.

Jumatano, 4 Februari

Ofisi imesikia! Inspekta anakuja Ijumaa. Nimecheka peke yangu jikoni.

Halafu nimeacha kucheka. Nilimuuliza Floribert ofisi imejuaje ni shule ipi. Kasema nilikataza jina, basi hakutaja jina. Aliwaambia tu waingie pale kwa fundi wa nguo. “Njo kwenye niko nayua, yaya!” Yaani ndipo anapopajua, kwa dada yake. Anajivunia, masikini. Na sisi hatuna choo cha wanafunzi hata kimoja. Tuna chetu tu, na mlango wake ni pazia.

Nimemkimbilia Clément, mpangaji wa chumba cha nyuma, anayesoma sheria chuo kikuu, kule Kasapa. Shule ni nini, kisheria? Akavaa miwani kwanza. Akasema nisiangalie jina la langoni, niangalie kinachofanyika ndani. Kuna mwalimu? Kuna wanafunzi? Kuna saa za kuingia na masomo yenye mpango? Basi ni shule, hata ukiiita duka la mikate. Na isipokuwa na agrément inafungwa. Kulinda watoto wakicheza tu, hilo ni jambo lingine, lina ofisi yake.

Jambo lingine! Basi Ijumaa hatutakuwa shule.

Alhamisi, 5 Februari

Ubao wetu ni meza ya Kasimu ya kukatia vitambaa, niliyoipaka rangi nyeusi upande wa chini. Nimeigeuza. Kasimu amefurahi kurudishiwa meza yake, hakuuliza kitu. Sare za bleu-blanc alizowashonea watoto nimezificha chini ya kitanda, na maandishi yaliyobaki langoni nimeyafuta.

Kisha nimewapanga watoto mistari miwili nikawafundisha kutojua. Nikiuliza hii ni herufi gani, jibu ni “siyui”. Tukarudia, tukarudia. Wamejibu pamoja, safi kabisa. Watoto wa akili! Bora kuliko wote ni Mwape, mtoto wa muuza samaki wakavu. Anasema “siyui” huku anaangalia mawingu. Nimempa kumi juu ya kumi. Kazi ya nyumbani: wajizoeze tena.

Ijumaa, 6 Februari

Amekuja, ameondoka.

Inspekta anaitwa Papa Chisanga. Mzee mpole, viatu vimejaa matope ya mvua. Mama Jeanne alikuja nyuma yake, aone kuku wakichinjwa. Kasimu alikuwa msikitini, nikabaki peke yangu. Nikasema hapa tunalinda watoto wa majirani tu. Watoto walikuwa wanapika matope kwenye vikopo. Picha nzuri sana!

Akaingia. Mara wote wakaruka juu, wakakunja mikono, wakaimba: “Bonjour, monsieur!”

Nilisahau! Niliwafundisha siku ya kwanza kabisa: mgeni akiingia, simama. Wala hawaketi mpaka aseme “asseyez-vous”. Akasema. Wakaketi. “Merci, monsieur!”

Akaniangalia. Nikasema ni adabu ya nyumbani.

Akachora A kwenye udongo kwa mwavuli wake, akamwita Mwape. Hii nini? “Siyui, papa.” Mawingu. Na hii B? “Siyui.” Moja mpaka tano? “Siyui.” Akauliza wengine. Vilevile. Mariam wangu alisema “siyui” kabla ya kuulizwa.

Inspekta akatikisa kichwa. Akasema bon, hapa hakuna shule, basi hakuna cha kufunga. Akafunga begi. Nimeshinda! Akamgusa Mwape kichwani, akamgeukia Mama Jeanne: “Masikini. Hawa batoto hapana kuyua kintu.” Na Mama Jeanne hata hakucheka. Alisema pole.

Pole! Mwape hakuangalia mawingu tena. Aliniangalia mimi, kama ananiuliza ikiwa ni kweli hajui.

Hapo sijui nini kilinipata. Nikapiga kelele: anajua! Mwape, hesabu! Akahesabu mpaka ishirini bila kupumua. Wengine wakadandia. Nikasukuma chini suruali ya mteja wa Kasimu iliyokuwa mezani, nikageuza meza, ubao ukatokea, Mwape akaandika jina lake lote. Mariam akalamba M, lakini kwanza aliitaja. M!

Inspekta akafungua begi tena. Akasema ni shule. Akatabasamu. Kisha akaandika ifungwe mpaka ipate agrément.

Nililia mbele ya watu wote. Mama Jeanne akasema, akiangalia pembeni, kwamba kwake chumba cha tatu kiko tupu. Batoto baende kule, na mimi niwasaidie walimu wake mpaka nipate karatasi zangu. Inspekta akakubali. Ila kwanza aone choo.

Jumatatu, 9 Februari

Niko shuleni kwa Mama Jeanne, saa ya mapumziko. Watoto wamevaa bleu-blanc zao, wanapendeza mpaka machozi. Kasimu na Floribert walichimba jana choo cha pili alichodai inspekta. Niliwatuma mimi, sikueleza sana. Mama Jeanne ananiita Madame Rabia mbele ya wazazi! Anasema siku akimjua mtu aliyepeleka neno la choo, huyo mtu atamwona. Nimeitikia kwa uzito. Watu wabaya wapo. Leo ameishusha agrément na kuitoa ili asafishe kioo kwa ajili yetu. Roho nzuri, yule mama.

Ila chumba chetu kina dirisha moja, dogo. Mwape anaandika shingo imekunjika. Na nimepata wazo. Ofisi ikijua, Mama Jeanne atalazimika kutafuta mahali penye mwanga, na uwanja wangu uko tupu. Ni kwa faida yake! Kesho Floribert anampeleka karani. Atadondosha neno tu: shule yenye chumba cha giza. Jina la Mama Jeanne asitaje. Wala asiwaelekeze tena kwa fundi wa nguo. Waulize tu Madame Rabia yuko wapi, hapa kila mtu ananijua sasa, nitawapokea mwenyewe na

Mama Jeanne anapiga kelele: “Madame Rabia! Kuya mbio! Mutoto eko na agrément mu kinywa!” Naja, naja, niandike hili tu nisisahau, Floribert aseme diri