Malalamiko Dhidi ya Mtambo Ulionisemea kwa Mke Wangu

Kwa Mkuu wa Maabara,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote wavaao makoti meupe. Mimi ni fundi saa, yule mwenye kimeza cha kioo chini ya ngazi, nyuma ya hospitali yenu. Moyo wangu ulipoanza kwenda mbio kama saa iliyokazwa kupita kiasi, daktari alinipigia marufuku kahawa. Nikaahidi mbele ya mke wangu. Juzi nilirudi kupimwa, na mtambo wenu ukanivunjia heshima. Nalalamika hivi:

1. Binti wenu wa maabara, mwenye adabu zake, alinieleza kuwa damu huzungushwa hadi yatengane maji yake ya manjano, plazma. Hayo husafishwa, yakasukumwa kwenye mrija mwembamba, na kila kitu hutoka kwa zamu yake kikichora kilima kwenye skrini. Akanionyesha kilima kirefu kuliko vyote: "Hii ndiyo kafeini ya kahawa, mzee. Tena ya leo leo." Mkuu, tangu utoto nasikia damu ni nzito kuliko maji. Nyinyi mmeiweka damu kando, mkayasadiki maji!

2. Mtambo wenyewe hutambua vitu kwa dakika vinapotokea. Umri wangu wote nimeshinda na saa, na sijaona isiyosema uongo. Hiyo yenu anairekebisha nani? Mimi sijaitwa.

3. Jirani yangu hukaanga kahawa. Harufu huingia kwangu bila hodi. Niliahidi kutokunywa, kutopumua sikuahidi.

4. Mke wangu alikuwa ameketi kando yangu. Laiti angegomba! Tulipofika jikoni alisema tu, "Baba watoto, sitaki kuwa mjane wa kikombe." Sasa hunimiminia maji moto matupu na kunikodolea macho mpaka niyamalize. Hata mwizi hulishwa kwa huruma kuliko hivyo.

5. Kwa hiyo naomba mtambo umwombe radhi mke wangu kwa maandishi, na muhuri juu. Mkikataa, basi wafanyakazi wote wapimwe mara baada ya mapumziko ya asubuhi, tukianza na wewe, Mkuu. Tutaona nani ana vilima na nani ana milima.

Nisalimie daktari, binti wa maabara, mlinzi wa getini, na muuguzi wa sindano, ambaye mkono wake ni mwepesi kweli. Mtambo usiusalimie.

Ni mimi niliyesingiziwa,
Fundi Saa

Tanbihi: Siku ile nilisahau chupa yangu ya bluu kwenye benchi la kusubiria. Mfuniko umelegea, kwa hiyo ishikwe wima, kahawa isimwagike. Mke wangu akija kuiulizia, semeni ni ya daktari.

Au basi, imwageni. Leo alfajiri aliniwekea sikio kifuani, akidhani nimelala.