Mama Mwenye Mstari wa Manjano

Tetesi ilimganda Rozalija Kavčnik kama nta kidoleni. Alisugua, alisali, haikutoka. Aliipata dukani kwa Fanika, muuza mkate, aliyeinama juu ya meza na kunong'ona kwa sauti ya kusikika hadi kanisani.

"Rozalija, wanakuja kubadilisha akina mama."

"Akina mama gani?"

"Wote wasiofaa. Wazee, wakali, na wenye umanjano." Fanika akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Mimi ningekuwa wewe, shoga, ningeanza kutabasamu tangu leo."

Jumapili tangazo likabandikwa mlangoni mwa kanisa, na wasiwasi wote ukaisha, kwa sababu jambo la kutisha likiwa na mhuri huwa ni mpango. Serikali, kwa furaha kubwa na baada ya vikao vingi vyenye chai, ilikuwa imeunda Halmashauri ya Usafi wa Akina Mama.

Ieleweke kwamba kule Slovenia malkia wa nyuki haitwi malkia. Huitwa mama. Na sheria inamtambua nyuki wa aina moja tu, yule wa kijivu wa Karniola: mpole, mchapakazi, wakati wa baridi anakula kidogo na halalamiki. Kwa ufupi, ni raia ambaye kila serikali inamwota. Ng'ambo ya milima, Italia, nyuki ni wa manjano. Dume wa kule akikutana na mama wa huku, ndoa inafungwa hewani bila kibali chochote, na watoto wanazaliwa na mstari wa manjano tumboni. Hilo ndilo Halmashauri iliundwa kulikomesha.

Mama mwenye watoto wa namna hiyo angestaafishwa. Kustaafishwa, kwa lugha ya kawaida, ni kubanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Nafasi yake ingechukuliwa na mama safi wa serikali, atakayeletwa kwa posta ndani ya kijumba kidogo, pamoja na wajakazi wake na donge la sukari la kula njiani.

Mama hao wa serikali walikuwa bado hawajapatikana. Zabuni ilitaka mama asiye na doa kwa vizazi vyote, na kila aliyependekezwa aligundulika kuwa na bibi wa mashaka. Alipatikana mmoja tu, na Mkurugenzi wa Halmashauri alizunguka naye vijijini ili wananchi wamwone, kwa hiyo hakuwahi kupata nafasi ya kutaga hata yai moja. Halmashauri ikaamua, kwa busara, kwamba kustaafisha kuanze mara moja na kutafuta kufuate. Mzinga usio na mama hufa, lakini hufa ukiwa safi.

Rozalija alikuwa na mizinga ya marehemu mumewe, na mwanawe mmoja, Gašper, aliyeitunza. Ng'ambo ya milima ya upande wa pili, Austria, kiwanda cha mbao kilikuwa kinamsubiri Gašper. Binamu yake alikwisha kwenda huko, akakatwa vidole viwili, akapewa cheti cha bidii.

"Mizinga ikifa, mama, nami nakwenda," Gašper alisema, kama mtu anayeomba chumvi. "Nitakaa hapa nifuge nini? Mawingu?"

Hapo ndipo tetesi ilipogeuka kuwa ugonjwa. Kwa sababu mzinga ulio karibu na mpeari, ule mkubwa kuliko yote, Rozalija alikuwa ameuchungulia. Watoto wa mama yule walikuwa na mstari wa manjano kama mshipi wa skauti.

Angefanya nini? Alifanya alilolijua. Mtoto akishiba hagombi, na mgeni hawezi kumwona mbaya. Kila jioni, Gašper akiwa shambani, alikoroga sukari na maji ya uvuguvugu akawamiminia nyuki wa mpearini.

"Mama, unawapa nini wale?"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Kidogo cha kikombe au kidogo cha ndoo?"

"Ndoo ndogo."

"Mama! Nyuki wakijaa kupita nyumba yao, wanahama!"

"Wahame waende wapi, na chakula kiko hapa?"

Siku ya ukaguzi Mkurugenzi aliwasili mwenyewe, Daktari Ljudevit Hribernik, suti ya kijivu, kofia ya kijivu, soksi za kijivu. Nyuma yake alikuja karani wake, binti aitwaye Nuša, aliyebeba kitabu cha kanuni mkono mmoja na mkono wa pili kile kijumba chenye mama safi wa pekee nchini. Rozalija aliweka mezani kahawa na potica, mkate wa kuviringishwa wenye kokwa za jozi ndani. Mkurugenzi alikula vipande vitatu kwa niaba ya serikali.

"Akina mama wa hapa tabia yao ikoje?" aliuliza.

"Wapole, Mheshimiwa."

"Nani amethibitisha?"

"Nawafahamu."

"Kufahamiana si kipimo, mama. Hata wevi wanafahamiana." Akafuta midomo. "Sisi tunataka asili. Mtu akishajua asili ya mama, ameshajua mzinga mzima."

Nje, jua lilikuwa zuri na nusu ya kijiji ilikuwa imeegemea uzio. Mkurugenzi alikwenda moja kwa moja kwenye mpeari, kama ng'ombe anayeijua chumvi. Akamnyanyua nyuki mmoja kwa kibano.

"Mstari wa manjano."

"Chavua hiyo, Mheshimiwa!" Rozalija alisema haraka. "Amechafuka kazini."

Mkurugenzi akapuliza. Mstari ukabaki. Akasema mzinga ufunguliwe, mama atafutwe, astaafishwe. Gašper alitazama upande wa Austria, na Rozalija aliyaona macho yale, akahisi moyo wake umeshikwa kwa vidole viwili.

Lakini kabla kifuniko hakijaguswa, mzinga ulifurika. Nyuki walimwagika kama uji uliosahauliwa jikoni, wakajaa angani, wakazunguka bustani wakivuma, wakitafuta pa kutua. Mpeari ulikuwepo. Uzio ulikuwepo. Wakatua kwenye kofia ya Mkurugenzi, na wengine, kwa kukosa nafasi, wakateremkia mabegani hadi kifuani kama ndevu.

"Usitikisike, bwana!" Gašper alipaza sauti. "Nyuki wanaohama wameshiba, hawaumi."

"Niondoleeni vitu hivi!"

Gašper alishika sanduku tupu, lakini Nuša aliinua mkono. Alikuwa mpya kazini, na jambo la kwanza Mkurugenzi alilomfundisha ni kwamba kanuni haisubiri mtu. Akafunua kitabu.

"Kifungu cha pili. Mzinga ni chombo chochote ambacho nyuki wamekaa kwa hiari yao." Akamgeukia Gašper. "Wamelazimishwa?"

"Hakuna aliyewalazimisha."

"Basi Mheshimiwa ni mzinga."

"Mimi ni Mkurugenzi!"

"Kifungu hakikatazi mzinga kuwa na cheo." Alikuwa ameshatoa kalamu. "Tabia ya mzinga?"

"Unapiga kelele," alisema Fanika kutoka kwenye uzio.

"Mkali," Nuša akaandika. "Mama yupo?"

Gašper aliinama, akachungulia. "Yupo. Kwenye ukosi, upande wa kushoto. Anajisikia nyumbani."

"Mama husajiliwa pale alipo. Kwa hiyo huyu si wa familia ya Kavčnik tena, ni wako, Mheshimiwa. Asili ya mama?"

"Binti, mama yangu anahusika nini hapa?"

"Fomu inauliza asili ya mama. Haisemi mama yupi."

Nyuki mmoja alikuwa anatembea juu ya nyusi ya Mkurugenzi, taratibu, kama mkaguzi. Jasho lilimtoka. Uvumilivu ukamwisha.

"Udine! Mama yangu ni wa Udine! Mmeridhika?"

Udine iko Italia. Hata mbwa wa kijiji kile cha Zagorica wanalijua hilo.

"Upande wa manjano," mtu alinong'ona.

"Ndiyo maana alikula vipande vitatu," akasema Fanika, akapiga ishara ya msalaba.

Nuša hakucheka. Alisoma: mzinga wenye mama wa asili ya nje utaondolewa eneo hilo kabla ya jua kuchwa, wala hautakaa karibu na mizinga mingine, ukaguzi utasimama mpaka Mkurugenzi athibitishe kuwa eneo ni safi.

"Nathibitisha!" alilia Mkurugenzi. "Ni safi! Safi kabisa!"

"Mzinga haujithibitishi, Mheshimiwa. Kifungu cha tisa. Uliniambia umekiandika mwenyewe."

Gašper aliweka sanduku chini ya kidevu chake, akawapangusa nyuki kwa unyoya wa bata, polepole, mama yao akiwa wa kwanza kuingia. Mkurugenzi hakuumwa hata mara moja. Lakini usajili ulikuwa umekamilika, na usajili haupanguswi kwa unyoya.

Ikabidi aondolewe. Dereva alijaribu kijiji cha pili, kulikuwa na mizinga. Cha tatu, mizinga. Nchi ile ina mizinga hata juu ya paa la hoteli. Wakaendelea kutafuta mahali halali pa kumweka hadi wakavuka mpaka, na jioni wakamshusha mlangoni kwa mama yake, Udine, aliyemlisha mpaka akalala. Bado yuko huko. Halmashauri nayo ipo, inakutana kila Jumanne kumsubiri mtu wa kuthibitisha.

Yule mama safi wa serikali Nuša alimwacha kwa Rozalija, maana hakukuwa tena na wa kumtembeza. Gašper alimpa mzinga wa mpearini, uliobaki bila mama; yule wa manjano alibaki sandukuni na watoto wake, na mizinga ikawa imeongezeka. Kiwanda cha mbao alikiandikia kwamba anashukuru, ila vidole vyake vyote vina kazi.

Basi wenye mizinga na wenye watoto, epukeni haya:

Kuwamiminia nyuki sukari kwa ndoo wakati maua yamejaa. Safari moja ikiokoa, ya pili itakufilisi.

Kumwambia mkaguzi kwamba manjano ni chavua. Watapuliza.

Kupiga kelele ukiwa umetuliwa na nyuki.

Kumstaafisha mama kabla hujampata mwingine.

Kuandika sheria ya mama za watu kabla hujamuuliza wako alizaliwa wapi.