Mpaka wa Maji Kati Yangu na Okia

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mvua. Nimepima tena kwa miguu. Kutoka kaburi la mama hadi ukingoni: hatua kumi na moja. Mwaka jana kumi na tisa. Ukiuona mto wenyewe ni kijito tu kinachokwenda kumwaga maji kwenye mto Malaba, lakini kina meno.

Ng'ambo, jirani yangu Okia hajapoteza hata unyayo. Kwake mto unalaza udongo mweusi, laini, bure! Kabeji zake zimekuwa kama vichwa vya ndama. Baba zetu walipatana kwamba mpaka ni mto. Kwa hiyo kila masika shamba langu linahamia kwake, nami nalisindikiza kwa macho.

Naandika kwa Kiswahili changu cha sokoni kwa sababu mke wangu, Asekenye, anasoma Kiteso na Kiingereza tu.

Jumapili, 13 Aprili

Neema! Baada ya ibada nilivuka hadi Busia ya Kenya, kwa Felistus muuza njugu. Akanifungia njugu kwa ukurasa wa kitabu cha jiografia. Nikausoma nimesimama. Nikaomba kitabu chote. Akasema nichukue kilichobaki, nusu keshafungia wateja.

Sasa naujua ugonjwa. Mto ukipinda, maji ya nje ya kona yana mbio, yanakwangua ukingo. Ya ndani yanajikokota, yanaangusha matope. Mimi niko nje. Okia yuko ndani. Maisha yangu yote, yamechorwa kwa mishale!

Tena: kona ikizidi kupinda, ardhi iliyo katikati hubaki na shingo nyembamba. Siku moja mto huikata shingo na kupita moja kwa moja. Kona ya zamani inakuwa bwawa lililopinda kama pembe ya ng'ombe. Ukurasa unaofuata haupo. Umeliwa na njugu.

Shingo ya ardhi ya Okia ni hatua thelathini tu. Ikikatwa, kaburi linapona. Na shamba lote la kabeji linabaki upande wangu wa maji. Si mimi niliyesema mpaka ni mto. Wamesema marehemu.

Jumatatu, 14 Aprili

Tatizo: shingo iko kwa Okia. Nilimwendea na uso wa huruma. Nikamwambia nataka kumchimbia mfereji wa kulisha bwawa la samaki, zawadi ya Pasaka, jirani kwa jirani. Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza. Alisema tu:

"Emoit, tangu mke wangu afe, hakuna mtu aliyenikumbuka na kitu."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikupenda. Nimekwenda kuuosha.

Jumatano, 16 Aprili

Okia amekuja na jembe lake mwenyewe! Anachimba kuliko mimi. Mchana alileta uji wa wimbi, akanipa kikombe kikubwa. Anapanga samaki watakaa wapi, wa kwanza atapewa nani. Wa kwanza ni mimi. Nikajifanya kuna mchanga jichoni.

Mfereji: hatua kumi na tisa tayari.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Tumebakiza ukuta mwembamba wa udongo kila mwisho. Mvua itamaliza.

Asekenye alishuka kutazama. Alisimama pale mfereji unapotokea, akainua macho taratibu hadi nyumba yetu, iliyo ukingoni ng'ambo, mkabala na hapo.

"Baba Juliet, haya maji yakitoka humu mbio, yatagonga wapi?"

Nilimwambia asinibishie, hajasoma kitabu. Akajibu kwamba hata mimi nimesoma nusu. Ameanza kuhamisha vitu. Dharau!

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Saa nne asubuhi ukuta wa juu ukaanguka. Mto ukainama, ukaingia mferejini, ukapanua, ukapita moja kwa moja! Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Upande wa kaburi maji yalisimama kimya.

Furaha dakika kumi.

Mto ulionyooka hauna breki. Ulitoka shingoni ukagonga ukingo chini ya nyumba yetu. Ukagonga tena. Asekenye alikuwa ndani, anavuta cherehani yake, ile inayotulisha. Okia ndiye aliyeruka kwenye maji, akavuka kwa kamba, akamtoa amemshika kiuno. Mimi nilikuwa bado nimeshika kitabu.

Ukuta wa nyuma ulikwenda kwanza. Kisha nyumba ikapiga magoti. Cherehani imekwenda Malaba.

Jumatatu, 21 Aprili

Mwenyekiti wa kijiji, Mama Anjeline, alikuja na buti za mpira. Watu wengi. Nikataja mpaka, haraka, kabla hajauliza lolote. Akasema wazee walipatana juu ya mto waliouona, si mto uliochimbwa kwa majembe. Akapanda miche ya mpaka kufuata njia ya zamani. Shamba limebaki la Okia. Ila si shamba tena. Mafuriko yamelifunika mchanga mtupu, hakuna kabeji hata moja.

Kisha akauliza wazo la mfereji lilikuwa la nani. Okia akasimama mbele ya wote. Akasema lilikuwa wazo la wema, na kama kuna kosa, tuligawane mimi na yeye.

Nilitazama buti za Mama Anjeline. Nilizitazama sana.

Alhamisi, 24 Aprili

Asekenye amekwenda kwao Nabuyoga, na binti yetu Juliet pia. Hakulia. Alisema atarudi siku nitakayomwambia Okia ukweli. Siku hiyo tu, hata kama hakuna nyumba. Nikasema nitamwambia jioni.

Jioni Okia alinitandikia mkeka kwenye ghala lake, kando ya mto mpya. Aliuliza kama blanketi linatosha. Nikasema linatosha.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekaa kaburini kwa mama kutwa nzima. Hatua ni zilezile kumi na moja. Hakuna wa kumwambia.

Nikirudi nimeona kitu. Mto umeufunua ukingo wa Okia, na chini yake kuna tabaka nene la mchanga safi, wa kujengea. Tororo wanautafuta kwa malori! Utachimbwa kwa chini, taratibu, kuingia ndani, juu kubaki nyasi. Ghala ninamolala liko juu yake, lakini nimekanyaga pale mara tatu kwa nguvu. Pagumu kabisa.

Nimemwambia Okia nataka kumchongea ngazi ya kushukia kuteka maji.

Amefurahi. Kesho anakuja na jembe.