Bangi ya Asili Nyuma ya Jiwe la Kamanga

Jumatatu, 3 Machi 2025

Shangazi Bernadetta kanisema asubuhi mbele ya wateja wa mgahawa wake. Kwamba dume zima kuosha sahani na kukodolea watu macho siyo kazi. Nikaendelea kuosha. Kasema Mjomba Pius anakuja Jumanne ijayo kutoka Nansio. Kama mpaka siku hiyo sina kazi ya kueleweka, naondoka naye nikalishe nguruwe.

Nansio! Kutoka hapa Kamanga unapanda kivuko mpaka Mwanza, halafu meli mpaka Ukerewe. Maji juu ya maji. Mara ya mwisho kupanda kivuko nilimtapikia katekista viatu. Vilikuwa vipya.

Na Nansio hakuna Amondi. Amondi anauza viazi vya kukaanga pale abiria wanaposhukia. Namwangalia tangu mwaka jana. Kumsemesha bado. Niko kwenye maandalizi.

Shangazi hajui tu. Kazi ninayo! Nyuma ya lile jiwe kubwa lililo juu ya gati nina shamba. Bangi. Imeshafika magotini. Mbegu kanipa Kashindye, mimi nikampa mabuti yangu ya mvua. Kashindye ni mtaalamu. Kasema watu wanahangaika na mbegu za kizungu, zinataka taa na feni utadhani mgonjwa kalazwa. Hii ni ya asili, ya ziwani. Inataka jua kali, upepo wa ziwa na udongo wa katikati ya mawe. Tena mababu walikuwa na akili: waliichagua chagua mpaka ikafanana na mgagani. Polisi anapita, anaona mboga.

Na kweli! Majani matano kama vidole. Maua meupe. Shina linanata. Harufu, mgagani. Nimeonja, uchungu wa mgagani. Kama Kashindye asingenieleza, ningeapa ni mgagani mtupu. Mbegu bora sana hii.

Tajiri wake Kashindye, wa Nyamagana, anakuja Jumamosi kubeba yote. Nguruwe watamsubiri mtu mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu, nikapitia shambani kabla hata ya kunawa. Nimeibiwa! Kila mche umekatwa ncha. Siyo mbuzi. Mbuzi hachagui. Huu ni mkono wa mtu, na mtu mwenyewe anajua.

Nikamkimbilia Kashindye. Nimemkuta anakatiza kwenye tope na mabuti yangu, raha mustarehe. Kasema nifurahi, mwizi haibi kitu kibaya.

Namshuku Florian wa bodaboda. Kamaliza kidato cha nne, basi hatupumui. Miwani myeusi hata mvua ikinyesha. Macho anayaficha ya nini? Na leo kasimama kwa Amondi anacheka mpaka anashika tumbo. Mtu mzima na akili zake anachekeshwa na viazi?

Amondi naye kacheka. Hiyo sikuipenda.

Alhamisi, 6 Machi

Nimevizia. Nimelala kifudifudi nyuma ya jiwe tangu wateja wa mchana walipoisha. Jiwe linaunguza kama kikaango. Mjusi kanikalia mgongoni, sikutikisika.

Siyo Florian. Ni Mama Amondi! Mama yake Amondi! Kaja na ungo, anaimba wimbo wa kanisani, anachuma mchana kweupe kama vile kwake.

Nikanyanyuka nimkamate. Mdomo ukasema shikamoo mama. Nimezoea. Kaitikia marahaba baba, umelala kwenye jua unaumwa? Nikasema hapana, napumzika. Kauliza shamba hili la nani. Ningesema langu, nimejipeleka jela. Nikasema sijui. Kasema basi ni la Mungu. Akachuma mara mbili ya mwanzo.

Kanisimulia anavyopika. Anachemsha, anamwaga maji, anaungia maziwa, analaza mpaka kesho uchungu uishe. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake kule Rorya.

Bangi kwa maziwa! Nikateremka mbio. Nikamuuliza Kashindye maziwa yanaifanyaje. Kasema inategemea ng'ombe.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Ijumaa ya Kwaresima, kwa shangazi hakipikwi nyama. Ziwa limechafuka, samaki hamna. Saa nne naona Mama Amondi anaingia jikoni na sufuria kichwani. Nikafunua. Bangi yangu! Imelala na maziwa!

Nikamwambia shangazi mboga ina mchanga. Kaonja. Kasema mchanga uko kichwani kwako, peleka sahani.

Nikapeleka. Ningefanyaje? Kazi yangu ikawa kuwaangalia tu. Fundi baiskeli alicheka peke yake. Sawa, huyo hucheka kila siku. Abiria mmoja kasinzia mpaka kivuko kikamwacha. Katekista, yule wa viatu, kaongeza sahani ya pili halafu akaimba. Mchana! Florian kala sahani tatu, kawasha pikipiki, akaenda moja kwa moja kwenye turubai la dagaa wa watu. Kanyanyuka ana dagaa mpaka kwenye miwani. Kasingizia breki.

Breki! Najua mimi.

Halafu kaingia afande wa kituoni. Nikamwekea robo kijiko. Kauliza mimi mtoto mchanga? Shangazi kamjazia mwenyewe. Kala, kalamba vidole, kafumba macho. Nikajua tayari, imempanda. Kafumbua, kauliza mboga hii inalimwa wapi. Mama Amondi kamjibu kutokea jikoni kwamba nyuma ya jiwe. Afande kasema kesho asubuhi anataka kupaona.

Nilivunja sahani nne. Shangazi kasema zitanifuata mpaka Nansio.

Jumamosi, 8 Machi

Alfajiri nimebeba gunia nikang'oe kila kitu. Nimechelewa! Juu ya jiwe nimekuta wamesimama afande, shangazi, Mama Amondi na Amondi mwenyewe. Afande kashika mche mzima mkononi. Ushahidi.

Nikaangusha gunia. Nikanyoosha mikono juu. Nikasema ni langu lote, nimelima mwenyewe, hawa mama hawajui kitu, wasiguswe. Nikaongeza na Florian asiguswe, japokuwa roho iliniuma. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Afande kaniangalia. Kauliza lako? Nikasema ndiyo afande. Kasema hongera.

Hongera!

Katia jani mdomoni, katafuna bichi. Kasema mgagani wa namna hii hajaula tangu mama yake afariki, siku hizi sokoni wanauza majani ya maji. Kauliza nimeupataje uchungu huu. Nikasema mawe. Kaomba mbegu akapande nyumbani kwake. Mikono yangu ilikuwa bado juu. Shangazi kanishusha mmoja mmoja.

Mama Amondi kasema kumbe shamba la Mungu lina mtu wake, mbona ulinificha baba? Na Amondi kanisemesha. Mimi! Kauliza nani kanifundisha kulima kwenye miamba. Nikamjibu, "Mm." Nafikiri lilikuwa jibu zuri.

Tajiri wa Nyamagana hakutokea. Kashindye kasema alitokea, akaona afande yupo shambani, akageuza.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi kasema siendi Nansio! Kwaresima nzima nitamlimia mgagani wa mgahawa, Mjomba Pius ataelezwa. Kwa mara ya kwanza kaniwekea mnofu wa sato, siyo kichwa. Na kila asubuhi Amondi atapanda jiweni tuchume wote. Nimeoga mara mbili.

Baadaye nimekaa nimefikiri. Nimegundua jambo kubwa.

Shangazi kapika mwenyewe, hakutambua. Katekista kala sahani mbili. Afande, mtu wa serikali, kasomea kabisa, katafuna bichi na kasema mgagani! Watu wote wa gati wamekula bangi na hakuna aliyejua. Kumbe Kashindye hakutia chumvi hata kidogo. Nilimtilia shaka bure kwa sababu ya ng'ombe.

Kesho asubuhi namtafuta nimwombe radhi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechuma na Amondi. Kaniambia nina mikono ya kilimo. Nikasema, "Mm, ndiyo." Naendelea vizuri.

Halafu nikaenda kwa Kashindye. Nilipomwambia amesema kweli tupu, alishangaa kidogo. Halafu kafuta tope kwenye mabuti. Kasema mtu mwenye kipaji kama mimi haimfai mbegu ya ngazi ya chini. Kuna ya juu yake. Hiyo haimei Kamanga, mawe mengi. Inataka udongo laini, maji pande zote na samadi ya nguruwe.

Samadi ya nguruwe! Maji pande zote! Nikamwambia Kashindye, mahali hapo napajua. Kasema kumbe.

Mbegu zake kazifunga kwenye kitambaa. Mabuti anayo tayari, kwa hiyo nimempa shamba. Kwanza alikataa. Kasema mimi ni kama mdogo wake, basi atalipokea, na kuchuma na Amondi atachuma yeye, nisiwe na wasiwasi. Mtu muungwana sana.

Jumanne, 11 Machi

Naandika ndani ya meli. Mwandiko unayumba, siyo kosa langu. Nimetapika kwenye kivuko mara mbili, humu mara tatu, moja kwenye kofia ya Mjomba Pius.

Mjomba alipofika Kamanga shangazi kamweleza kwamba nabaki. Mimi nikasema hapana, naenda kwa nguruwe. Shangazi kaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuangalia homa. Amondi alikuwa pale na viazi vyake. Kaniuliza kama kuna alichonikosea. Nilitaka kumwambia nitarudi tajiri. Nikasema, "Mm." Kaniangalia kidogo halafu akaondoka. Nafikiri kaelewa.

Kivuko kilipotoka nimemwona Kashindye anapanda kwenye jiwe, mabuti yanang'aa, ungo mkononi. Amondi nyuma yake. Shamba liko kwenye mikono salama.

Sasa hivi mjomba kafungua kile kitambaa changu akitafuta limao la kichefuchefu. Kauliza kwa nini mtu anabeba mbegu za maboga kupeleka Ukerewe, kwani kule maboga yameisha?

Nikamtazama tu, nikatabasamu. Kweli zinafanana na za maboga, hata utamu ni uleule. Mzee mzima, mkulima wa miaka yote, na yeye kaingia mkenge!